Visu vya kukunja: pambo la mpini na pambo la bapa

Muuza machungwa anayesukuma mkokoteni wake katika mitaa ya Kariakoo hatumii kisu cha kupendeza. Kisu chake ni kifupi, mpini wake umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na bapa lake limenolewa kwa miaka mingi hadi limebaki jembamba kiasi cha kuyumba ukilibonyeza kwa kidole. Hata hivyo, mtazame anavyomenya: ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu kutoka kikonyoni hadi kitakoni, ngozi nyeupe ya ndani inabaki nzima, na chungwa halidondoshi hata tone la maji. Siku moja nilimwazima mmoja wao kisu changu cha kukunja nilichokuwa nikijivunia, cheusi, kizito, chenye bapa nene na ncha iliyokatwa kwa pembe. Alikijaribu kwa chungwa moja tu, kisha akanirudishia na kusema, “Hiki kinachimba, kaka, hakimenyi.”

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuvipima visu vyangu upya, kimoja baada ya kingine, kwa kazi ninazozifanya kweli: kufungua maboksi na viroba ghalani, kukata kamba za katani na za nailoni, kumenya matunda na kusafisha samaki wadogo. Swali ninalotaka kulijibu hapa ni kama miundo inayopendwa zaidi ya visu vya kukunja imetanguliza sura kuliko kazi, na jibu langu ni kwamba mingi imefanya hivyo, ingawa kosa si la uzuri wenyewe. Pambo likikaa kwenye mpini halimdhuru mtumiaji hata kidogo. Likihamia kwenye bapa, mtumiaji hulilipia kila anapokata. Ukivilinganisha visu kwa kipimo hicho, vingi vinavyosifiwa hushuka, na vichache vinavyodharauliwa hupanda.

Visu nitakavyovirejea ni hivi. Wa kwanza ni Opinel namba 8 wa Ufaransa, ambao ukoo wake ulianzia Savoie mwaka 1890 kwa Joseph Opinel. Wa pili ni Victorinox wa Uswisi wa milimita 91, mjukuu wa kisu cha afisa ambacho Karl Elsener alikisajili mwaka 1897. Wa tatu ni Okapi, ambao watu wengi wa Afrika kuanzia Kusini hadi kwetu wanaufahamu kwa mlio wake. Wa nne ni Buck 110 wa Marekani, uliotoka miaka ya 1960 na kuwa kielelezo cha kisu cha mwindaji. Wa tano ni Delica wa kampuni ya Spyderco ya Colorado. Upande wa pili nitaviweka visu vya mtindo wa kikomandoo, vile vyenye bapa nene, rangi nyeusi na ncha ya pembe, pamoja na visu vya kufyatua vinavyofunguka kwa msukumo wa kidole kimoja. Hivyo viwili ndivyo vinavyojaza picha za matangazo, na ndivyo vijana wengi huvitaka kwanza.

Unene wa bapa

Jambo hili nalitanguliza na nitalikalia kwa muda, kwa sababu ndilo linaloamua zaidi kuliko mengine yote na ndilo linalozungumzwa kidogo zaidi dukani. Kukata kuna hatua mbili. Hatua ya kwanza ni makali kuifungua njia. Hatua ya pili ni bapa lote linalofuata nyuma ya makali kupita katika njia hiyo. Nyama laini na karatasi hujipinda pembeni na kulipisha bapa lolote, nene au jembamba, na ndiyo maana muuzaji hupenda kukuonyesha kisu kinavyochana karatasi hewani. Muhogo mbichi, nanasi, karoti nene na boksi la tabaka mbili haviwezi kujipinda. Ukiingiza bapa nene katika muhogo, makali hupita sentimita moja hivi, halafu muhogo unapasuka wenyewe kwa mlio mkavu, na kipande kinachobaki mkononi kina uso mbaya wa kuvunjika badala ya uso laini wa kukatwa. Kisu hapo kimefanya kazi ya kabari, na kabari ni chombo cha kupasulia kuni.

Sasa zitazame namba. Bapa la Opinel namba 8 lina urefu wa sentimita 8.5 na unene wake kwenye mgongo haufiki milimita 2. Delica ina milimita 2.5. Bugout ya kampuni ya Benchmade, iliyotoka mwaka 2017 na kupendwa sana na watembea milimani, ina takribani milimita 2.3 na kisu kizima kina uzito wa gramu 52 tu. Buck 110 inafika milimita 3. CQC-7 ya kampuni ya Emerson, ambayo kwa miaka mingi imekuwa sura halisi ya mtindo wa kikomandoo, ina milimita 3.2, na wapo watengenezaji wanaouza visu vya kukunja vyenye bapa la milimita 4 na zaidi, jambo ambalo hata kisu kikubwa cha jikoni hakilihitaji.

Haki inanitaka niongeze kwamba unene wa mgongo peke yake hauelezi kila kitu. Paramilitary 2 ya Spyderco ina mgongo wa milimita 3.7, lakini bapa lake limesagwa kwa mteremko mmoja kuanzia mgongoni hadi karibu na makali, kwa hiyo linapungua unene taratibu na hukata vizuri kuliko visu vyembamba kidogo ambavyo mteremko wao unaanza katikati ya bapa na kuishia ghafla. Mahali pa kutazama ni pale nyuma kidogo ya makali, umbali wa nusu milimita hivi kutoka mwanzo wa mnoo, yaani ule mteremko mdogo wa mwisho unaonolewa. Kisu ambacho ni kinene mahali hapo kitakata vibaya hata kama makali yake yananyoa nywele za mkono, na ndiyo sababu mtu anaweza kunoa kisu chake asubuhi nzima na bado akalalamika jioni.

Kwa nini basi watengenezaji wanaendelea kutoa mabapa manene? Wanaeleza kwamba ni kwa ajili ya uimara. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama kisu cha kukunja kingekuwa kinavunjika katikati ya bapa. Lakini kisu cha kukunja kina kiungo, na udhaifu wake uko kwenye kiungo hicho, kwenye pini nyembamba inayolishika bapa na kwenye kifungio kinacholizuia lisikunjike. Anayetaka kubandua mfuniko wa pipa au kung'oa msumari atakilegeza kiungo muda mrefu kabla bapa la milimita 4 halijaonyesha dalili ya kupinda. Bapa nene kwenye kisu cha kukunja ni ukuta mnene uliojengwa juu ya mlango wa ubao. Kazi ya kubandua ina tindo na bisibisi.

Ncha ya pembe, meno na mashimo

Ncha ya pembe ilichukua msukumo wake kutoka visu na panga za Japani, na kampuni ya Cold Steel ya Marekani ndiyo iliyoieneza sana katika miaka ya 1980 kwa sifa ya kutoboa vitu vigumu. Kutoboa inatoboa kweli. Tatizo ni kwamba mtumiaji wa kawaida hatoboi. Anavuta bapa juu ya kitu. Bapa la kawaida lina tumbo, yaani ule mpindo unaopanda kuelekea kwenye ncha, na mpindo huo ndio unaochuna ngozi ya samaki, unaomenya embe na unaokata juu ya ubao bila kuinua mkono. Bapa lenye ncha ya pembe halina tumbo. Lina makali mawili yaliyonyooka yanayokutana kwenye kona, na ukiliweka juu ya ubao, kona hiyo ndiyo inayogusa huku sehemu nyingine ikielea. Kunoa nako kunakuwa kazi mbili, kwa sababu kila upande wa kona unahitaji kupitishwa kwenye kinoo peke yake, na asiye na subira huimaliza kona yenyewe katika miezi michache.

CQC-7 iliongeza jambo jingine: kwa asili bapa lake lilisagwa upande mmoja tu, kama patasi. Ni rahisi kulinoa, na hilo ni jema. Lakini patasi ikivutwa ndani ya kitu chenye kina huenda upande, na mkataji wa nanasi ataona kipande kinaanza kwa unene mmoja na kuishia kwa mwingine.

Meno, yaani makali yaliyochongwa kama ya msumeno, nayaweka katika fungu tofauti, kwani yana kazi. Kwenye kamba ya nailoni yenye maji, au kwenye kamba nene ya katani, meno hushika nyuzi pale ambapo makali laini yangeteleza, na mabaharia wana haki ya kuyapenda. Ninachokikataa ni bapa lenye nusu meno na nusu laini, ambalo limekuwa pambo la kawaida la visu vya maduka ya mitaani. Meno yanakaa karibu na mpini, mahali ambapo mkono una nguvu nyingi na ambapo kuchonga na kumenya hufanyika, na makali laini yanasukumwa mbele kwenye ncha. Mtumiaji anapoteza sehemu bora ya bapa kwa kazi anayoifanya mara moja kwa mwezi.

Mashimo yaliyotobolewa katikati ya bapa kwa ajili ya sura hubeba uchafu wa samaki na utomvu wa maembe, na kuyasafisha kunahitaji kijiti. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kufungua na kufunga

Mwaka 1981 Spyderco walitoa kisu cha kukunja chenye tundu la mviringo mgongoni mwa bapa na kibanio cha kukiweka kwenye ukingo wa mfuko. Tundu hilo liliwafanya watu wengi wakione kisu hicho kuwa kibaya, na mpaka leo wapo wanaosema Delica ina nundu. Mimi nalitetea tundu hilo kwa moyo wote. Mkono uliolowa, mkono wenye glavu na mkono wa kushoto vyote vinalifungua bapa kwa dole gumba bila kucha, na hakuna kipande cha ziada kinachoweza kulegea. Ni umbo lililozaliwa na kazi, na sura yake ikafuata baadaye.

Kisu cha kufyatua kilikwenda njia nyingine. Kwenye mgongo wake kuna kichomozo kidogo. Ukikibonyeza kwa kidole cha shahada, bapa linaruka na kujifunga kwa mlio unaopendeza. Ili liruke kwa wepesi, watengenezaji wengi wameweka beringi ndogo ndogo kwenye kiungo mahali palipokuwa na vibati laini vya shaba. Kisu cha namna hiyo nilikipeleka ufukweni siku moja ya kuparua samaki. Punje chache za mchanga ziliingia kwenye kiungo, na kuanzia hapo bapa likawa linakwama katikati na kutoa sauti ya kusaga ambayo iliniumiza hata kuisikia. Ilinibidi nitafute bisibisi ya kichwa cha nyota yenye ukubwa usiopatikana duka la kawaida la vifaa, nikifungue chote juu ya kitambaa cheupe, na beringi mbili zikapotea papo hapo. Opinel iliyokuwa kwenye kapu lilelile niliisuuza kwa maji baridi, nikaipangusa, na kazi ikaendelea.

Kufunguka haraka kunauzwa kama ubora, lakini katika miaka yote niliyotumia visu sijapata kazi ya halali ambayo sekunde moja ilikuwa na maana. Kitu chenye maana ni kifungio kinachozuia bapa lisirudi kwenye vidole. Hapo Opinel ina jibu la unyenyekevu mno: pete ya chuma iliyobuniwa mwaka 1955, ambayo unaizungusha kwa vidole viwili na bapa linabanwa. Buck 110 ina kifungio cha mgongoni, imara na kilichozoeleka, na visu vingi vya bei nafuu vimeuiga mtindo huo kwa miongo kadhaa. Victorinox ya milimita 91 haina kifungio, ina springi tu, na mtumiaji anapaswa kulikumbuka hilo kila anapochoma kitu kwa ncha. Visu vya kikomandoo mara nyingi hufungwa kwa bamba la ndani linalosukumwa pembeni. Ni kifungio kizuri kikitengenezwa kwa usahihi, ila kwenye nakala za bei ya chini bamba hilo ni jembamba na huteleza, na kisu chenye sura ya nguvu kuliko vyote mezani huwa ndicho kinachoumiza vidole.

Okapi

Okapi inastahili nafasi yake yenyewe. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Ujerumani barani Afrika, mwaka mmoja tu baada ya wataalamu wa Ulaya kumweleza kwa mara ya kwanza mnyama okapi wa msitu wa Ituri, Kongo, ambaye kisu kilichukua jina lake. Tangu miaka ya 1980 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake ni la chuma cha kaboni, refu na lenye ncha iliyochongoka, na mpini wake wa mbao una nyota na miezi ya bati iliyopachikwa. Mgongoni kuna springi yenye pete. Ukikifungua kinalia kwa meno ya chuma yanayopita moja baada ya jingine, na ukitaka kukifunga unaivuta pete.

Mtu akisema kwamba Okapi ni sura tupu kwa sababu ya nyota, miezi na mlio, hajakitumia. Nyota ziko kwenye mpini, na hazijapunguza chochote. Bapa ni jembamba, linanoleka kwenye jiwe lolote la mtoni, na linashika makali vya kutosha kwa siku ya kazi shambani. Mapungufu yake ni mengine kabisa: kiungo kina riveti ambayo hulegea kadiri kisu kinavyozeeka, na bapa huanza kucheza kulia na kushoto; kifungio ni cha kuzuia bapa kukunjika kwa bahati mbaya, si cha kuegemea kwa uzito; na kutu huanza usiku uleule usipokipangusa. Mlio wake pia umekiletea jina baya katika miji kadhaa, kwa kuwa wahuni wameutumia kutishia watu, na hilo ni jambo la kufikiriwa na yeyote anayetaka kukitembeza mjini. Hata hivyo, ukikiweka kando ya kisu cheusi cha mtindo wa kikomandoo chenye bei inayokaribiana, Okapi itamenya na kukata vizuri zaidi kila mara, kwa sababu ile ile ya kwanza: unene.

Chuma, na jina la chuma

Siku hizi jina la chuma huchorwa kwenye bapa kama nembo ya kiwanda, na wanunuzi hulisoma kabla ya kulitazama bapa lenyewe. S30V ilitoka mwaka 2001 kutoka kampuni ya Crucible, kwa ushirikiano na mtengenezaji visu Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye kisu chake mashuhuri kinaitwa Sebenza, neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. MagnaCut ya mtaalamu wa metali Larrin Thomas ilifuata mwaka 2021 na inasifiwa kwa kuunganisha uthabiti na ukinzani wa kutu. Ni vyuma vizuri kwelikweli. Anayekata maboksi kuanzia asubuhi hadi jioni atauona ubora wake, kwani kadibodi hula makali haraka kuliko watu wanavyodhani.

Lakini Victorinox wanatumia chuma cha pua chenye ugumu wa 56 tu kwenye kipimo cha Rockwell, na wamefanya hivyo kwa makusudi. Makali yake huisha mapema na hurudi mapema: mapito kumi juu ya kinoo, au hata juu ya kitako kisicho na rangi cha kikombe cha kauri, na kisu kiko tayari. Vyuma vya daraja la juu vyenye vanadiamu nyingi, metali inayoongezwa ili makali yadumu, hukataa vinoo vya kawaida na huhitaji jiwe la almasi. Kwa mtu anayeishi mahali ambapo jiwe hilo halipatikani, chuma cha daraja la juu kilichochorwa jina kwenye bapa kitageuka kuwa pambo siku makali yatakapoisha. Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu chuma ni utakinoa kwa nini, kabla ya kuuliza kinaitwaje.

Wakaaji wa pwani wana hesabu ya ziada. Chumvi ya hewani hukila chuma cha kaboni hata ndani ya kabati. Opinel hutolewa kwa aina mbili, ya kaboni na ya pua, na kwa Tanga, Mombasa au Unguja ningemshauri mtu achukue ya pua bila kusita. Ya kaboni huchukua makali matamu zaidi na hunoleka kwa raha, ila ndimu na maembe huiachia utando wa kijivu mweusi, ambao si kutu, na baada ya kila matumizi inataka kukaushwa na kupakwa tone la mafuta. Mpini wa mbao nao hunyonya unyevu na kuvimba, mpaka bapa linagoma kutoka. Watu wa Savoie wana njia yao ya kulitoa: wanagonga kitako cha mpini juu ya meza, na bapa linachungulia lenyewe.

Mpini na uzito

Buck 110 ni kisu kizuri cha kutazama kuliko vyote nilivyonavyo, chenye shaba njano kwenye ncha zote mbili za mpini na mbao nyeusi katikati. Hapo pambo limekaa mpinini, kwa hiyo halikati vibaya. Gharama yake ni nyingine: kina takribani gramu 200, na mfukoni mwa kanzu au suruali nyepesi kinavuta nguo upande mmoja siku nzima. Ndiyo maana kinauzwa na ala ya kuvaa mkandani. Opinel haifiki gramu 50. Mpini wake wa mviringo unaonekana wa kizamani, lakini unakubali mkono wa ukubwa wowote na mshiko wowote, ilhali mipini ya kikomandoo iliyochongwa nafasi ya kila kidole inaukubali mkono mmoja tu, mkono wa mchoraji wake. Ukikigeuza kisu hicho umenye kuelekea kwenye dole gumba, kama tunavyomenya viazi, zile kona za mpini zinakuchoma kiganjani.

Mwaka 1985 jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London liliiweka Opinel miongoni mwa vitu 100 vilivyosanifiwa vizuri zaidi duniani. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba anayetetea kazi anachukia uzuri. Opinel ni nzuri na inakata, haikulazimika kuchagua.

Nani achukue kipi

Kwa anayetaka kisu cha matunda, safari na jikoni, ningempa Opinel namba 8 ya chuma cha pua, na nisingeona haja ya kuendelea na mazungumzo. Kwa mfanyakazi wa ghala au fundi anayefungua na kufunga kisu mara hamsini kwa siku kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika mzigo, Delica au kisu kingine chembamba chenye tundu na kibanio kinafaa zaidi, na hapa fedha ya ziada inalipa. Kwa mvuvi, ningetafuta bapa lenye meno kamili, la chuma kisichoshika kutu, na kiungo kisicho na beringi. Kwa mkulima mwenye bajeti ndogo, Okapi bado inatosha, akikubali kuipangusa kila jioni na kutoitembeza mjini.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana mpaka wa kisheria unaolibadilisha jibu. Huko kisu cha kukunja kinachobebwa hadharani bila sababu maalumu ni lazima kiwe na makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, na kisiwe na kifungio. Opinel namba 8 inashindwa kwa yote mawili, Delica inashindwa kwa kifungio, na Victorinox ya milimita 91 inapita. Kisu cha springi tu, kilichoonekana dhaifu katika ulinganisho wa vifungio, kinakuwa cha kwanza.

Na ambaye tayari amenunua bapa nene asikitupe kisu chake. Anaweza kukipeleka kwa fundi wa kunoa anayezungusha jiwe kwa pedali za baiskeli na kumwomba apunguze unene wa nyuma ya makali pande zote mbili, bila kugusa makali yenyewe mpaka mwisho. Nilifanya hivyo kwa kile kisu changu cheusi. Rangi ilitoka, bapa likabaki na mikwaruzo ya kijivu, na sasa linapita kwenye muhogo bila kuupasua. Simama hapo hapo wakati anafanya kazi, na uwe na kopo la maji. Bapa lichovywe kila baada ya mapito machache, na ukiona cheche zinakuwa nyingi mwambie apunguze mwendo, kwa maana joto likizidi makali hugeuka rangi ya samawati, na sehemu iliyogeuka samawati imekwisha kulainika. Haitashika makali tena mpaka isagwe yote na kuondolewa.